Cheti cha Mtu Aliyepona

Serikali iliifunga Temeke kwa kamba ya katani siku ya Jumanne, kwa sababu dawa ya kuchanja ndui ilikuwa bado njiani na kamba ilikuwa tayari stoo. Ulikuwa mwaka wa nne wa vita, na meli zilikuwa na mizigo mingine ya kubeba. Mgonjwa alikuwa mmoja, mpagazi wa bandarini aliyepanga chumba nyuma ya duka la nazi. Walimchukua asubuhi kwa gari lenye turubai, na mchana wakaja kuwafunga waliobaki. Kamba ilianzia kwenye mnazi wa jumbe Mwinjuma, ikazunguka nyumba sitini na tatu, ikarudi kwenye mnazi uleule. Tangazo lilipigiliwa misumari kwenye mlango wa duka lililokuwa hatua thelathini nje ya kamba, ili kila aliyekatazwa kutoka aende akalisome.

Kisima kilikuwa ndani ya kamba, na hilo watu walilishukuru. Soko lilikuwa nje. Msikiti ulikuwa ndani, imamu alikuwa nje.

Siku hiyohiyo Bwana Afya, Mzungu mrefu aliyevaa soksi mpaka magotini, alisimama upande wa pili wa kamba akazungumza Kiingereza kwa dakika ishirini. Karani wake, kijana wa Bukoba aitwaye Revelian, alitafsiri kwa dakika tano, na watu wakabaki kuulizana zile kumi na tano zimekwenda wapi. Yaliyowafikia ni haya: kwa siku ishirini na moja hakuna kutoka wala kuingia, kila asubuhi saa mbili watu watahesabiwa nyumba kwa nyumba, akipatikana mgonjwa mwingine, siku zinaanza upya. Kifungu cha mwisho kilisema kwamba aliyeugua ndui akapona haugui tena wala haambukizi, naye apewe cheti, apite. Hicho hakuna aliyekisikia, maana Mfaume, fundi cherehani, alikuwa ameshauliza kwa sauti kama mbu nao wamesomewa tangazo.

Mwajabu binti Mwinyimkuu alikisikia. Alikuwa amesimama nyuma ya wenzake, ushungi umeshuka mpaka nyusi. Uso wake ulikuwa na makovu ya ndui kutoka paji mpaka kidevu, mashimo madogo yaliyosogeleana kama mchanga ulionyeshewa mvua ya matone makubwa. Aliugua zamani za Mjerumani, kabla meno ya utoto hayajamtoka. Nduguze wawili walizikwa wiki ileile. Yeye akabaki, akakua, akaolewa, akafiwa na mume, na mashimo yake akawa ameyasahau, mpaka karani wa Bukoba alipomkumbusha kwamba yana faida.

Alikuwa na shida, na shida yake ilikuwa na tarehe. Binti yake wa pekee, Mwanaasha, aliyeolewa Kinondoni mwaka uliopita, alikuwa na mimba ya kwanza, na mtoto wa kwanza huzaliwa kwa mama wa binti. Ndivyo ilivyo, bila ya mtu kulipigilia tangazo. Mwanaasha angeletwa Temeke siku ya Alhamisi. Kamba ilikuja Jumanne. Kwa hesabu ya Mwajabu, mtoto angefika kama siku ya kumi na tano ya karantini, yaani kabla haijaisha, na angefikia mikononi mwa Bi Mwamvita, mama wa mume, mwanamke ambaye tangu siku ya posa alikuwa na maoni juu ya kila kitu na hakuwahi kukosea hata kimoja.

Barazani kwa jumbe watu walizungumzia Serikali kwa urefu, kwa kuwa muda walikuwa nao.

"Wanasema ni kwa faida ya watu," alisema jumbe Mwinjuma, ambaye alikuwa amepewa kengele ya kugonga kila asubuhi na sasa alijiona ana sehemu katika utawala.

"Watu gani?" Mfaume aliuliza.

"Watu wote."

"Ndui iko ndani au nje?"

"Inasemekana iko ndani."

"Na sie tuko wapi?"

Jumbe aliitazama kamba.

"Basi ni kwa faida ya watu walio nje ya kamba," alisema Mfaume. "Sie tumefungiwa nayo chumba kimoja, tuzoeane."

Mwajabu, aliyepita na ndoo, hakuona la kubishia katika maneno hayo. Mtu aliyelala na mpagazi chumba kimoja kwa mwezi mzima alikuwa bado anahesabiwa pamoja na wengine, akinywa kahawa kwenye kikombe kilekile cha baraza. Hakuna aliyemtenga, si Serikali wala wenyewe. Kumtenga kungekuwa utovu wa adabu.

Hesabu ya asubuhi ndiyo iliyowapa watu kazi. Revelian hakuweza kuingia ndani ya nyumba za watu, kwa kuwa ndani mlikuwa na wanawake, na yeye hakuwa ndugu wa yeyote. Alisimama mlango wa mbele na daftari lake, akataja majina, na waliomo wakaitikia nyuma ya pazia: nipo, nipo, nipo. Kwa hiyo alichohesabu kilikuwa sauti. Nyumba za Temeke, kama za mji mzima, zina mlango wa mbele wa wageni na mlango wa uani wa wenyewe, na ua huu unatokea ua ule. Ilipofika siku ya tatu, wanaume waliokwenda mkaa na wanawake waliokwenda Kariakoo kabla ya alfajiri walikuwa wakiacha maagizo.

"Niazimeni mtu mmoja mpaka saa tatu."

"Mume au mke?"

"Yeyote mwenye sauti nene."

Mke wa Mfaume alihesabiwa katika nyumba nne asubuhi moja, kwa sauti nne tofauti. Katika nyumba ya nne sauti ilimkauka, akakohoa, na karani akaandika "kikohozi" mbele ya jina la mtu aliyekuwa wakati huo akinunua bamia Kariakoo. Jumla ilikuwa mia tatu na kumi na moja kila siku. Ilikuwa mia tatu na kumi na moja hata asubuhi baada ya kuzikwa mzee mmoja aliyekufa kwa uzee wake. Revelian aliandika jumla hiyo, akainua macho, akalitazama kaburi jipya kwa muda, akalifunga daftari. Bwana Afya alituma salamu za pongezi kwa utii wa watu wa Temeke.

Mwajabu angeweza kuazima mtu naye. Lakini mtu huazimwa kwa asubuhi moja, na arobaini za uzazi ni siku arobaini. Tena kijana mmoja alishakamatwa na askari njia ya Keko, hana karatasi, akarudishwa kwa fimbo. Mwajabu hakutaka kufika kwa wakwe nusu ya njia.

Siku ya nne alimfuata karani kwenye kamba.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Nimekuja kuchukua cheti."

"Cheti gani?"

"Cha aliyepona. Si ulisema mwenyewe? Haugui tena, haambukizi, apewe cheti, apite."

Revelian alimtazama usoni. Watu wengi walimtazama mara moja kisha wakahamisha macho. Huyu alitazama mpaka mwisho, kama mtu anayesoma.

"Uliugua lini?"

"Zamani za Mjerumani."

"Tangazo linahusu ugonjwa huu wa sasa."

"Kwani ndui ziko ngapi?"

Karani alifikiri. "Moja," alisema. "Nitaandika barua."

Jibu la barua lilikuja siku ya nane. Fomu ya Serikali ilikuwa na safu mbili, wagonjwa na wazima. Mwajabu hakuwa mgonjwa, kwa hiyo alikuwa mzima. Mzima anaweza kuugua. Anayeweza kuugua asitoke.

"Lakini mie siwezi kuugua," alisema Mwajabu.

"Najua."

"Sasa?"

"Hilo halina safu."

Aliandika barua ya pili. Jibu lake, siku ya kumi na mbili, lilikuwa refu zaidi na la upole zaidi. Mwanamke huyo angoje dawa. Akishachanjwa atahesabiwa kuwa ana kinga, na shauri lake litatazamwa.

"Yaani wanichanje ili nipate kitu nilichonacho tangu utoto?"

"Ndivyo walivyoandika."

"Dawa imefika?"

"Iko njiani."

"Basi mtoto naye yuko njiani," alisema Mwajabu. "Tuone nani mwenye miguu."

Siku ya kumi na nne muuza mkaa alisimama nje ya kamba akapaza sauti kwamba kuna salamu kutoka Kinondoni: Mwanaasha ameanza kuumwa kiuno. Mwajabu alifunga kanga mbili na mafuta ya nazi katika kitambaa, akaenda moja kwa moja kwenye meza ya karani. Hakuwa na hoja mpya. Alikuwa amekusudia kukaa hapo mpaka apewe cheti au aburutwe.

Revelian alikuwa na kitabu cha vyeti mbele yake. Vyeti hamsini, hakuna kilichotumika.

"Nimelisoma tangazo tena," alisema kabla hajaamkiwa. "Kwa Kiingereza na kwa Kiswahili. Halisemi lini."

"Halisemi lini nini?"

"Aliugua lini. Linasema aliyeugua akapona. Basi." Alichovya kalamu. "Nitakuuliza, unijibu ndiyo au siyo. Umeugua ndui?"

"Ndiyo."

"Umepona?"

"Wewe unanionaje?"

"Ndiyo au siyo, mama."

"Ndiyo."

Kipengele cha tatu cha cheti kilikuwa makovu, na hicho hakuuliza. Aliandika, akapuliza wino, akagonga muhuri. Mwajabu alimwangalia akafahamu kwamba kijana huyu hakuwa amemwonea huruma hata kidogo. Alikuwa ameudhiwa. Kwa siku kumi alikuwa na fomu yenye kasoro mezani, na fomu yenye kasoro ilimnyima usingizi kuliko mjamzito wa mtu. Mwajabu aliona afadhali hivyo. Huruma ya karani ingekufa mara tu mkubwa wake atakapokunja uso. Kuudhiwa kwake kungeishi mpaka kustaafu.

"Wakikuuliza mgonjwa huyu alitoka wapi?"

"Mimi natunza daftari la waliopona. La wagonjwa liko mjini, kwa mtu mwingine. Hayajawahi kukutana."

"Na kesho asubuhi, kwenye hesabu?"

"Kesho watakuwa mia tatu na kumi na moja," alisema Revelian, akamfungulia kamba.

Barazani walimwona anapita.

"Angalieni," alisema Mfaume. "Bi Mwajabu katoka kwa sababu ya ndui. Sie wazima tumebaki."

"Jitahidi nawe uipate," Mwajabu alimjibu bila kugeuka.

Askari wa Keko alimsimamisha. Mwajabu alitoa karatasi kwenye upindo wa kanga. Askari aliisoma, akairudisha kwa ncha za vidole viwili, akasogea mpaka ukingoni mwa barabara ampishe. Mwajabu, ambaye hakuzoea kupishwa na askari, alidhani ni heshima. Alizisoma herufi za Kiarabu vizuri, hizi za Kizungu hakuzijua, lakini muhuri aliutambua, na alitembea nao Gerezani, Kariakoo, akashuka bonde la Jangwani, akapanda Magomeni, akiwa na uhakika kwamba amebeba kitu kizuri.

Alifika Kinondoni baada ya adhuhuri. Bi Mwamvita alikuwa barazani na majirani wawili wanaosuka ukili, na mwanawe Kondo, mume wa Mwanaasha, tarishi wa ofisi moja ya mjini, alikuwa amerudi kula. Walimpokea vizuri. Mwamvita alimtandikia mkeka mpya, akamtia chai, akailaani Serikali ya Mwingereza kwa niaba yake.

"Kufunga watu kwa kamba kama mbuzi. Mtu mmoja kaugua, mnafunga mji? Hawana imani hawa. Ajali ya mtu imeandikwa, kamba itafanya nini?"

"Hata sie tulisema," alisema jirani mmoja.

"Mie wangekuja kunifunga hapa, ningewamwagia maji ya uvundo. Sasa imekwisha, hiyo karantini?"

"Haijaisha," alisema Mwajabu. "Mie nimepewa ruhusa yangu peke yangu." Akaitoa karatasi. Angeweza kusema amechoka, au ana kiu, akanyamaza. Baadaye alilifikiria sana hilo. Lakini siku kumi za kuipigania zilikuwa bado zimemjaa kifuani, na Mwamvita hakuwahi kupewa karatasi na Serikali.

Kondo aliisoma kwa sauti, kama asomavyo tarishi. "Inathibitishwa kwamba Mwajabu binti Mwinyimkuu, wa Temeke, ameugua ndui, amepona, na ana makovu."

Majirani waliinuka na ukili wao. Mwamvita alimtazama mkwewe usoni, taratibu, paji mpaka kidevu.

"Makovu hayo," alisema.

"Makovu haya ulikula nayo pilau siku ya harusi. Tulikaa sinia moja."

"Siku ya harusi hayakuwa na muhuri."

"Mwamvita, mie niliugua nikiwa mtoto. Mjerumani alikuwa bado anatawala."

"Kondo, imeandikwa mtoto?"

Kondo aliitazama karatasi mbele na nyuma. "Haikuandikwa lini, mama."

"Umeona."

Serikali ilikuwa imehitaji siku kumi na barua mbili ili kushindwa kuamua jambo la Mwajabu. Mwamvita alihitaji muda wa chai kupoa. Kikombe alichonywea mgeni kilivunjwa. Mkeka mpya ulichomwa. Ubani ulifukizwa kutoka mlango wa mbele mpaka chooni. Mwajabu mwenyewe, kwa kuwa ni mkwe na haiwezekani kumfukuza, angekaa kwenye banda la jiko uani, siku arobaini. Ufito ungewekwa mlangoni kwa kimo cha kiuno. Chakula kingesukumwa kwa mpini wa jembe. Mwamvita aliyasema haya yote bila kutafsiriwa na mtu, na hakuna aliyeuliza kuhusu mbu. Mwanamke aliyetaka kuwamwagia maji ya uvundo watu wa karantini alikuwa ameanzisha ya kwake, na ilikuwa na masharti makali zaidi.

"Serikali yenyewe ilisema ishirini na moja," alisema Mwajabu.

"Serikali haina mjukuu."

Mwanaasha alitoka chumbani akijishika kiuno, miguu imevimba. Alimwona mama yake amesimama peke yake katikati ya ua, na watu wengine wote ukutani.

"Usimsogelee," alisema Mwamvita. "Ana ndui."

"Nani?"

"Mama yako. Mumeo ameisoma."

Mwanaasha alimtazama mama yake, kisha mumewe, kisha karatasi. "Uso huo nimeuona tangu sijui kusema," alisema. "Nyie mmeuona leo?" Akavuka ua, polepole kwa uzito aliokuwa nao, akaingia kwenye banda la jiko, akakaa chini, akaegemea ukuta.

"Ukikaa humo hutoki," alisema Mwamvita.

"Siku ngapi, mama?"

"Arobaini."

"Arobaini zinanitosha."

Mwajabu aliinama chini ya ufito akaingia. Hakusema neno, kwa hofu kwamba mtu angegundua kilichotokea. Alikuwa ameiomba Serikali kukaa na binti yake siku arobaini za uzazi, mlango umefungwa, bila ya mavyaa, mama wa mume, kutia mkono, na Serikali haikuwa na fomu ya jambo hilo. Sasa Mwamvita alikuwa amempa yote, tena kwa nguvu.

Mtoto alizaliwa siku ya pili yake, alasiri. Mkunga wa mtaa aliitwa, akafika mpaka kwenye ufito, akasikia habari za cheti, akakumbuka ana mwingine Mwananyamala. Mwajabu alizalisha mwenyewe. Kazi hiyo aliwahi kuifanya mara saba kwa wengine, na aliifanya ya nane bila haraka, akimwambia Mwanaasha apumue na amtukane amtakaye. Mwanaasha alimchagua Kondo. Kondo, ambaye hakuruhusiwa kuingia kumwadhinia mwanawe sikioni, aliadhini nje ya ukuta wa banda, kwa sauti ya kupenya udongo na fito, mpaka jirani mmoja akatandika mswala na kuswali mara ya pili.

Alikuwa mtoto wa kike, mwenye afya. Mwajabu alitangaza hivyo kupitia ufito, na hakuongeza kitu.

Siku ya kwanza Mwamvita alikuja kusukuma uji, akachungulia. Siku ya tatu alileta uji mara tano. Siku ya nne alisogeza kigoda karibu na banda, akasema ni kwa ajili ya kivuli, ingawa jua lilikuwa limemkalia kichwani. Majirani wa ukili walirudi kwenye ua wa pili, wakawa wanamtazama juu ya makuti ya uzio, wakihesabu hatua zake. Wao ndio aliowatangazia masharti, na wao sasa walikuwa askari wake.

Siku ya saba, siku ya kumnyoa mtoto na kumpa jina, Mwamvita alisimama mbele ya ufito na wembe mpya mkononi, umefungwa karatasi.

"Ana nywele nyingi?"

"Anazo," alisema Mwajabu.

"Kafanana na nani?"

"Njoo uangalie."

"Siku bado."

"Siku ni zako."

Mwamvita aliufunga tena wembe wake ambao haukuwa umefunguka. "Nasikia wenzio wa Temeke wamefunguliwa jana."

"Dawa ilifika?"

"Haikufika. Wamekata kamba tu." Alitazama uzio, ambapo vichwa viwili havikuwa vimejificha vya kutosha. "Na huko hakuna aliyeugua tena?"

"Ungeuliza Serikali."

"Serikali inajua nini," alisema Mwamvita. Aliutoa ufito, akauegemeza ukutani mchana kweupe mbele ya mashahidi wake, akainama, ingawa sasa hapakuwa na cha kuinamia, akaingia, akanyoosha mikono.

Mwajabu alimweka mtoto upande wa pili wa mwili wake.

"Nawa kwanza," alisema.